Dola Isiyowahi Kununua Kitu

Wiki tatu kabla ya harusi yake, binti wa ami yangu alinipigia simu kutoka Unguja akaniomba riale ya bibi. "Dada, nataka nimvae bibi shingoni siku ya kupambwa," alisema. Nikamwambia haiwezekani. Nikampa sababu zangu kwa sauti ya mtu aliyesoma: fedha ile ni ya zamani, jasho huila, manukato huitia doa, mafuta ya ngozi huacha alama zisizotoka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani bibi alikuwa hatoki jasho?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kasha. Miezi michache kabla ya simu hiyo nilikuwa nimeagiza mtandaoni kasha la plastiki la mviringo, linalofungwa bila kupitisha hewa, na ndani yake nilikuwa nimeilaza ile riale kama mgonjwa wa chumba maalumu. Bibi aliivaa kwa uzi mweusi kwa zaidi ya miaka hamsini. Ni kipande cha fedha kipana kama kitako cha kikombe cha kahawa. Upande mmoja una uso wa Maria Theresa, malkia wa Austria. Upande wa pili una tai mwenye vichwa viwili na mwaka 1780. Karibu na ukingo kuna tundu alilotoboa fundi fulani ili uzi upite. Nilikuwa nimejifunza kuliita tundu lile kwa jina jipya: hasara.

Jina hilo sikulipata kwa bibi. Nililipata kwa wakusanyaji wa sarafu za Marekani za karne ya 19, hasa wale wanaotafuta sarafu ziitwazo prufu. Sijawahi kukutana na hata mmoja wao, na sijawahi kushika prufu kwa mkono wangu. Lakini kwa karibu mwaka mzima nililala na picha zao kwenye simu, na waliniachia swali ambalo bado linanisumbua: kitu ambacho hakijawahi kutumika, je, kwa sababu hiyo ni kisafi?

*

Nilifika kwao kwa njia ya kitambaa. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na meli za Massachusetts, hasa za bandari ya Salem, ikavaliwa na kuzikiwa watu kutoka pwani hadi maziwa makuu, na huko bara ikawa yenyewe ni pesa. Ukisoma habari za merikani lazima ukutane na mkataba wa tarehe 21 Septemba 1833, uliotiwa saini Muscat kati ya Sayyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani, mfanyabiashara Edmund Roberts. Mkataba ule uliwapa Wamarekani haki ya kufanya biashara katika bandari za Sayyid Said, zikiwemo za Unguja, kwa ushuru wa asilimia 5 tu ya bidhaa walizoshusha.

Mkataba ukishatiwa saini, hufuata zawadi. Mwishoni mwa 1834 serikali ya Marekani iliagiza kiwanda chake cha sarafu cha Philadelphia kitengeneze seti za sarafu za nchi hiyo, kuanzia nusu senti ya shaba hadi dola 10 za dhahabu, ziwekwe katika masanduku ya ngozi na kupelekwa kwa watawala wa Mashariki. Seti moja ilikuwa ya mfalme wa Siam. Nyingine ilikuwa ya Sayyid Said. Roberts aliibeba kwa meli ya kivita Peacock, ambayo ilipitia Unguja kisha ikakwama kwenye miamba karibu na kisiwa cha Masirah, na tarehe 1 Oktoba 1835 akaikabidhi Muscat. Mwaka uliofuata alifariki Macau kabla hajamaliza safari yake.

Sarafu za zawadi haziwezi kuwa sarafu za kawaida. Sarafu ya kawaida hufyatuliwa kama tofali: haraka, moja baada ya nyingine, ikaangukia pamoja na wenzake na kupata mikwaruzo kabla haijaona jua. Prufu hutengenezwa kwa subira. Mihuri ya chuma inayobeba picha husuguliwa mpaka sehemu zilizo tupu zinakuwa kama kioo. Kipande cha fedha nacho husuguliwa kabla ya kuchapwa. Kisha hubanwa polepole kwa nguvu kubwa, mara nyingi zaidi ya pigo moja, ili fedha ijae kila unywele wa picha. Kinachotoka ni sarafu ambayo uwanja wake unakuonyesha sura yako mwenyewe, na juu ya uwanja huo picha inasimama kama imeganda kwa ukungu.

Kioo hicho ndicho adui wa prufu, kwa kuwa hakifichi kitu. Ukiipangusa kwa leso laini utaacha mistari myembamba inayoonekana ukiigeuzageuza chini ya taa. Tone la mate lililoruka ukiwa unaongea litageuka doa jeusi baada ya miaka. Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa daraja kutoka 1 hadi 70, na hatua mbili tatu kwenye ngazi hiyo zinaweza kuwa tofauti ya bei ya baiskeli na bei ya gari. Kwa hiyo wanaishika kwa ukingo, kwa vidole viwili, kimya. Nilipowaona katika video wakifanya hivyo niliona kama wanashika kitu kitakatifu, na nikawaonea wivu. Nilikuwa na riale moja nyumbani, nikaanza kuishika kwa vidole viwili.

*

Katika sanduku la Sayyid Said mlikuwa na dola ya fedha, na dola hiyo ilisema uongo.

Agizo lilitaka sarafu zote zinazotumika. Tatizo ni kwamba kiwanda hakikuwa kimepiga dola ya fedha kwa miaka thelathini. Dola za mwanzo zilikuwa zikisafirishwa nje ya nchi kwa wingi bila kurudi, mpaka ikaonekana ni kazi bure kuzitengeneza. Mafundi wakafungua daftari na kukuta mwaka wa mwisho uliorekodiwa ni 1804, dola 19,570. Wakachonga mihuri yenye mwaka huo. Wasichojua ni kwamba zile dola 19,570 zilipigwa kwa mihuri ya zamani iliyobaki, yenye miaka iliyotangulia. Kwa hiyo mwaka 1804 hapakuwahi kutoka dola hata moja iliyoandikwa 1804. Dola ya kwanza yenye mwaka huo ilizaliwa 1834, ili imfurahishe mtawala ambaye nchi yake ilikuwa mbali sana kiasi cha kutouliza.

Zilizobaki za kundi hilo zinafahamika kuwa 8. Lakini mambo hayakuishia hapo. Katika miaka ya 1850, wakati Marekani ilipoingiwa na homa ya kukusanya sarafu na kiwanda kikaanza mwaka 1858 kuwauzia raia prufu waziwazi, watu wa ndani ya kiwanda walipiga dola nyingine za 1804 kimyakimya. Moja kati ya hizo, iliyoko leo katika taasisi ya Smithsonian, ilipigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mashindano ya shabaha yaliyofanyika Bern mwaka 1857. Ukiitazama vizuri, alama za Uswisi bado zinachungulia chini ya sura ya Marekani. Mwaka 1804 umekaa juu ya 1857 kama mtu aliyevaa koti la babu yake akadai ndiye babu.

Kwa miaka mingi jumla yake zilijulikana 15. Ile inayoaminika kuwa ya Sayyid Said ndiyo nzuri kuliko zote, daraja la 68. Mwaka 1999 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 4.14, na mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68. Kwa takriban miaka mia mbili haijanunua hata andazi. Yenyewe imenunuliwa mara kadhaa.

Mara ya kwanza niliposoma haya nilicheka, maana bibi naye alikuwa na sarafu yenye mwaka wa uongo. Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikuwa wameshaizoea sura yake na uzito wake, wakaikataa sarafu yoyote nyingine, na hivyo viwanda vikaendelea kuipiga na mwaka uleule: Vienna, baadaye hata London, Roma na Bombay. Inaendelea kupigwa Vienna mpaka leo. Kwa macho yangu siwezi kujua kama riale ya bibi ni ya 1820 au ya 1920. Uso wake unasema 1780, na hakuna sokoni aliyewahi kujali, kwa kuwa uzito wa fedha ulikuwa wa kweli.

Basi nina sarafu mbili zenye uongo wa aina moja. Moja iliaminiwa kwa sababu ilifanya kazi. Nyingine imethaminiwa kwa sababu haikufanya.

*

Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, anasema kila kitu kina matumizi mawili. Kiatu unaweza kukivaa, na unaweza kukibadilisha kwa kitu kingine. Yote ni matumizi ya kiatu, ila la kwanza ndilo kiatu kilishonewa. Pesa ni kitu cha ajabu katika hesabu hii, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya yale matumizi ya pili tu. Huivai wala huili. Ukiiondolea kubadilishana hujaibakishia kitu. Prufu ni pesa iliyoondolewa jambo pekee ambalo pesa inalifanya, ikabaki inatazamwa.

Mfano mkali kuliko wote ni ile dola waliyoiita dola ya biashara. Marekani ilianza kuipiga 1873 mahususi kwa soko la Asia, ishindane na fedha ya Mexico. Jina lake lenyewe ni kazi yake. Zilizofika China zilipita kwa wafanyabiashara waliozipima, na kila aliyeridhika aligonga muhuri wake mdogo juu ya fedha kuwa shahidi: hii nimeipima, ni nzuri. Nyingine zilijaa mihuri mpaka sura ikawa kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Mwaka 1878 biashara ikaachwa. Lakini kiwanda kiliendelea kupiga prufu za dola hiyo kwa ajili ya wakusanyaji, 1879 mpaka 1883, na kisha 10 tu zenye mwaka 1884 na 5 tu zenye mwaka 1885, ambazo watu hawakujua kuwa zipo mpaka karne iliyofuata. Dola ya biashara isiyofanya biashara. Zile zenye mihuri ya Wachina zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa zimeharibiwa. Hizi tano zimekaa kwenye velveti.

Kiswahili kina methali inayofaa hapa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa wakusanyaji ni kweli kama ilivyo. Kilichotembea kimechafuka. Na nikiri kwamba kwa muda niliamini hivyo, na si juu ya sarafu peke yake. Nina sura ya kwanza ya tasnifu ambayo nimeisugua kwa miezi minane bila kumpa msimamizi wangu. Nina maneno ambayo sijayasema kwa watu ninaowapenda kwa sababu nilitaka yatoke bila mkwaruzo. Walter Benjamin, ambaye naye alikuwa mkusanyaji, aliandika kwamba kazi ya mkusanyaji ni kuvikomboa vitu kutoka katika utumwa wa kuwa na faida. Nilipenda wazo hilo. Nilitaka na mimi nikombolewe.

Kisha nikasimama kwenye neno utumwa, kwa kuwa mimi ni mtoto wa Unguja na hilo si neno la kupita juu yake.

*

Hapa ndipo nilipofikiri nimepata hoja nzito kabisa ya kuitetea prufu, na ningependa kuiweka wazi kabla sijaipinga.

Tunapenda kusema kwamba kitu kilichochakaa kina heshima. Tunaona mikunjo ya mikono, sarafu iliyolainika, tunasema: hii imeishi. Lakini imeishi kufanya nini? Riale ndiyo fedha iliyokuwa ikihesabiwa katika soko la watumwa la Mkunazini mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Bei ya mtu ilitajwa kwa riale. Ulaini wa fedha ile ni alama za vidole, na baadhi ya vidole vile vilikuwa vimetoka kuvuta midomo ya watoto kutazama meno. Siwezi kujua kama riale ya bibi ilikuwepo. Mwaka ulioandikwa juu yake hauwezi kuishtaki wala kuitetea.

Dola ya Sayyid Said haikuwa na nafasi ya kumnunua mtu. Ilifungiwa. Kama sarafu zingehukumiwa siku ya mwisho, prufu ingesimama na kuonyesha uso wake kama kioo: nitazameni, sikumdhulumu yeyote. Kwa siku kadhaa hoja hii ilinitosha. Ilinitosha hata juu ya maisha yangu mwenyewe. Asiyefanya kitu hakosei.

Kisha nikauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa historia ya biashara angepaswa kuuliza kwanza: fedha yenyewe ilitoka wapi?

Kabla ya kugunduliwa kwa migodi ya Nevada mwaka 1859, Marekani ilikuwa karibu haina fedha yake. Kiwanda cha Philadelphia kilitegemea sarafu za kigeni zilizoletwa na wafanyabiashara na mabenki, nyingi zikiwa za Mexico na Amerika Kusini, kikaziyeyusha na kuzipiga upya. Zile zilikuwa sarafu zilizotumika. Zilikuwa zimelipa mshahara, rushwa, sukari, rumu, na watu. Fedha yake ilichimbwa katika milima ambayo Wahindi Wekundu walishurutishwa kuingia kwa vizazi. Tanuri haisamehi dhambi, inafuta alama tu. Ule uso kama kioo ni uso wa kitu kilichosahaulishwa.

Na sababu ya zawadi? Dola ile haikutumika sokoni, lakini ilitumika. Ilikuwa shukrani kwa ajili ya asilimia 5. Ilimaanisha kwamba meli za Salem zitaendelea kushusha merikani na kupakia pembe za ndovu na sandarusi. Pamba ya merikani ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Pembe nyingi zilifika pwani kwa misafara, mabegani mwa watu, na baadhi yao hawakuwa huru. Dola ilikaa kwenye ngozi yake laini huku biashara iliyoifungulia mlango ikifanya kazi zote chafu kwa niaba yake. Kuna watu wa namna hiyo. Hawashiki kitu, na mikono yao ni misafi, kwa sababu kila walichokula kilishikwa na mwingine.

Hapo hoja yangu ilivunjika, na nilifurahi kuiona ikivunjika. Kutotumika si kutokuwa na hatia. Lakini na kutumika si wema. Riale iliyochakaa haitakaswi na kuchakaa kwake. Swali la haki kwa sarafu, na nadhani kwa mtu, ni dogo na gumu zaidi: ilitumika kwa nini, na sasa imo mkononi mwa nani?

*

Sitaki kuwafanya wakusanyaji waonekane wajinga. Bila wao tusingejua lolote la haya. Mwaka 1962 watafiti wawili, Eric Newman na Kenneth Bressett, walichapisha kitabu kizima kuhusu dola ya 1804, na wakati huohuo seti ya mfalme wa Siam ikajitokeza, dola ya 1804 ikiwa imekaa kati ya sarafu za 1834. Ulikuwa ushahidi wa kukata mzizi wa fitina. Kama mtu angekuwa ameitumia dola ile kulipia chai, uongo wa kiwanda usingethibitika kwa namna hiyo. Kuna kuhifadhi ambako ni kutoa ushahidi. Bibi alikuwa akisema akiba haiozi, na katika hili alikubaliana na wanaume wa velveti.

Tena kuna jambo moja katika lugha ya wakusanyaji ambalo nililipuuza mwanzoni. Prufu kwao ni namna ya kutengenezwa. Si hali ya usafi. Prufu iliyotoroka sanduku, ikaingia mfukoni, ikasuguana na funguo na kununua mkate, wao bado wanaiita prufu. Wanaipa daraja la chini, bei yake inashuka, lakini hawaivui jina. Hata kati ya zile dola 8 za kundi la zawadi ipo moja iliyosuguka waziwazi, daraja la 30, kama kwamba kwa muda fulani mtu aliichukulia ni pesa tu. Nyingine ina herufi D ndogo aliyoigonga mmiliki wake wa karne ya 19, bwana Dexter, katika moja ya mawingu yaliyo juu ya tai. Nilipoliona hilo nilifikiri juu ya wale wafanyabiashara wa China na mihuri yao, kisha nikafikiri juu ya tundu.

Tundu la riale ya bibi ndilo lililoitoa sokoni. Sikuwa nimeliona hivyo. Sarafu iliyotobolewa imepungua uzito, na mpimaji mwaminifu angeikataa au kuipunguza bei. Aliyeitoboa alijua. Aliamua kwamba fedha hii, yoyote iliyonunua kabla, sasa hainunui tena. Itakaa kifuani mwa mwanamke. Yaani bibi naye alikuwa na sarafu iliyoondolewa katika biashara, kama Sayyid Said. Tofauti ni kwamba ya Sayyid Said ilitolewa sokoni kabla haijaingia, ili ionekane haijui lolote. Ya bibi ilitolewa baada ya kujua yote, na ikapewa kazi nyingine: kuvaliwa harusini, kushikwa na watoto wanaonyonya, kukabidhiwa.

Na mimi nilikuwa nimeifuta kazi hiyo kwa kasha la plastiki. Nilidhani ninaihifadhi riale. Nilichohifadhi ni fedha na tundu; kukabidhiwa kwake nilikuwa nimekusitisha mimi, mtu wa kwanza katika ukoo kuwa na shahada ya pili, au karibu kuwa nayo.

*

Nilimpigia simu binti wa ami yangu siku nne kabla ya harusi. Sikumweleza habari za Siam. Nilimwambia nakuja nayo. Akasema, "Haya dada," kama mtu aliyekuwa akijua siku zote kwamba nitakuja nayo.

Kwenye boti niliitoa kwenye kasha. Nilikuwa nimeisahau uzito wake mkononi, kwa kuwa kwa miezi nilikuwa nikiishika kwa ukingo. Niliifunga kiganjani mpaka ikapata joto. Nilijua ninaacha mafuta ya ngozi juu yake. Nilijua pia kwamba huenda nashika kitu kilichowahi kuwekwa kwenye mizani dhidi ya mtu, na kwamba hakuna kioo wala kasha litakalonipa jibu la hilo. Nikaona ni afadhali nijue hivyo nikiwa nimeishika.

Alivaa uzi mpya mweusi. Katikati ya dhahabu yote aliyowekewa, riale ilikuwa kitu cheusicheusi kisichong'aa, na wanawake wazima waliomkaribia kumtunza waliigusa hiyo kwanza. Mmoja aliibusu. Mtoto mmoja aliitia mdomoni na hakuna aliyemzuia.

Hajairudisha, na mimi sijamdai. Wiki iliyofuata nilimpelekea msimamizi wangu ile sura ya kwanza, na akairudisha ikiwa na wino mwekundu kila ukurasa. Kasha liko mezani kwangu. Naweka ndani yake vibanio vya karatasi.